Injini Yenye Jina la Mlima Gelai

Wenyeji wa Kajiado waishio upande wa Magadi waufahamu mlima Gelai, ulio ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Jina hilo limo pia ubavuni mwa injini ya mvuke nambari 5918, katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini za namna hiyo 34, kila moja na mlima wake, ziliundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 ili zivute mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Tangi la kuchemshia maji lilitundikwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, ili uzito wa tani 252 hivi ugawanyike, usiziharibu reli. Zilipokuja injini za dizeli, zikakatwa kuwa chuma chakavu. Hasara kubwa kwetu. Zilisalia mbili tu: Gelai na nambari 5930, Shengena.