Ng'ombe Mwenye Njaa na Mbweu Zake

Mwisho wa kiangazi, mabonde yanayoizunguka Bujora hubaki na mabua na nyasi zilizokauka. Ng'ombe hushinda wakiyatafuna hayo, na jioni mkamuaji haambulii hata kibuyu kimoja. Hasara hiyo kila mfugaji anaijua. Iko nyingine isiyoonekana kwa macho.

Katika tumbo la kwanza la ng'ombe wamo vijidudu wanaochachua majani, na kutokana na kazi yao hupatikana gesi ya methani, ambayo mnyama huitoa kwa mbweu. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo huipasha dunia joto takriban mara 27 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito sawa nayo. Tena ni chakula kilichopotea, kwani nguvu ambayo ingekuwa maziwa imekwenda na upepo.

Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, waliwapima maksai wa Kiborana. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa mnyama aliyelishwa chini kabisa ya mahitaji yake hutoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula alacho.

Ng'ombe wa maziwa atokaye malishoni akaongezewa pumba, mashudu ya pamba au majani ya mlusina, hula zaidi, na pengine jumla ya gesi yake isipungue. Lakini maziwa yakiongezeka kuliko gesi, kila lita hubeba methani kidogo. Hapa tusidanganyane: mfugaji anayeongeza mashudu na kundi pia hajaipunguzia dunia joto lolote. Faida imo katika ng'ombe wachache walioshiba.

Ndugu zetu wa Ukara, wenye kisiwa kidogo na watu wengi, tangu zamani huwakatia ng'ombe majani na kuwalishia ndani. Wao hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Wahitaji mashudu, ambayo sharti yavuke ziwa kwa gharama. (Dagaa tusiwataje, hao kwanza ni kitoweo cha watoto wetu.)

Twawaomba viongozi wa Mkoa wawafikirie wafugaji wa Magu na Ukerewe kabla mashudu hayajauzwa mbali, na ngitili zilindwe. Kituo cha utafiti cha Mabuki nacho kiwezeshwe kuwapima ng'ombe wetu wenyewe, maana maksai wa Nairobi hawatoshi kumwamulia mkamuaji wa Bujora. Kiangazi huanza Juni. Mipango hiyo yafaa iwe tayari kabla ya hapo.