Ngurumo ni Kengele: Tuwafundishe Watoto wa Shule Kujikinga na Radi



Kila msimu wa mvua unapokaribia tunawakumbusha kulala ndani ya chandarua, kuchemsha maji ya kunywa na kuchimba mitaro kandokando ya nyumba. Katika toleo hili tunazungumza juu ya hatari nyingine inayokuja na mvua hiyohiyo, ambayo shule nyingi hazijaifundisha. Hatari hiyo ni radi.

Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na kujeruhi wengine wengi. Wilaya hiyo ndiyo yenye kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 na kujeruhi 34 waliokuwa wamekusanyika kwa sala chini ya banda la mabati. Wengi wa waliofariki walikuwa watoto. Tarehe 27 Januari 2025, wanafunzi 7 wa shule ya sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, Tanzania, waliuawa na radi wakiwa shuleni.

Angalia jambo moja. Wengi wa watu hawa hawakuwa shambani wala juu ya mlima. Walikuwa wamejikinga mvua. Kumbe paa linalozuia mvua si lazima lizuie radi. Hilo ndilo tunalotaka kila mwalimu, mzazi na mtoto alielewe.

Radi ni nini?

Radi ni umeme unaojikusanya ndani ya wingu kubwa la mvua, kisha ukaruka kutoka wingu hadi wingu au kutoka wingu hadi ardhini. Njia unayopita hewani hupata joto la nyuzi 30,000 hivi. Hewa hiyo hutanuka ghafla na kutoa mlio ambao sisi tunauita ngurumo. Kwa hiyo hakuna ngurumo bila radi. Ukisikia ngurumo, hata kwa mbali, ujue radi imekwisha kupiga mahali fulani, na inayofuata inaweza kupiga ulipo.

Nchi zetu hupata radi nyingi sana. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba eneo la Kabare, Kivu Kusini, ni la pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Wengi wenu mmetoka sehemu hizo, na mnajua wingu jeusi la alasiri linavyokuja. Lakini kuzoea ngurumo si kujikinga.

Kwa nini radi moja huua watoto wengi kwa pamoja?

Watu wengi hudhani kwamba radi humpiga mtu mmoja kichwani. Inatokea, lakini ni mara chache. Mara nyingi radi hupiga mti, nguzo au paa, kisha umeme husambaa kwenye udongo kama maji yanavyosambaa baada ya ndoo kumwagika. Mtu aliyesimama hapo hupitiwa na umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja.

Sasa fikiria darasa la kambini. Nguzo ni za miti, kuta ni za udongo au turubai, paa ni bati au shitingi, sakafu ni udongo. Watoto ni wengi, wamebanana, na baadhi yao hawana viatu. Radi ikipiga paa hilo haina njia ya kushukia hadi ardhini ila nguzo, kuta na miili ya watoto. Jengo kubwa la matofali lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ukutani huupa umeme njia nyingine ya kushuka. Jengo lenye kinga ya radi, yaani fito za chuma juu ya paa zilizounganishwa kwa waya mnene hadi chini ya ardhi, ni bora zaidi. Shule ya Runyanya yenyewe iliwekewa kinga ya namna hiyo baadaye.

Je, radi hutumwa na mtu?

Swali hili huulizwa kila baada ya msiba, na hatulidharau. Mzazi aliyempoteza mtoto huuliza, "Kwa nini wangu, na aliyekaa naye dawati moja amepona?" Jibu liko katika maelezo tuliyotoa hapo juu. Mmoja alikuwa ameegemea nguzo, mwenzake hakuwa ameegemea. Mmoja alikuwa amekanyaga chini kwa miguu iliyo mbalimbali, mwenzake alikuwa ameikunja juu ya benchi. Tofauti ya hatua moja inatosha.

Radi haichagui kabila, dini wala ukoo, na hakuna mtu anayeweza kuituma. Tusikubali msiba wa kwanza uzae wa pili kwa kumshutumu bibi kizee au jirani asiye na hatia. Pia nguo nyekundu na vioo haviiti radi, na matairi juu ya paa hayaizuii. Simu ya mkononi haivuti radi, lakini usiishike ikiwa imechomekwa kwenye chaji wakati wa dhoruba.

Shule ifanye nini kabla ya mvua?

1. Ichague mahali. Mwalimu mkuu na kamati ya wazazi wazunguke eneo la shule na kutafuta jengo lililo salama kuliko mengine: la matofali, lenye nyaya za umeme ukutani, na likiwezekana lenye kinga ya radi. Linaweza kuwa ofisi, kituo cha afya au darasa jipya. Wapime kwa hatua umbali wake na waone watoto wangapi wanaingia. Gari lililofungwa milango na madirisha, lenye bodi na paa la chuma, nalo ni mahali salama.

2. Imchague mtu. Mwalimu wa zamu awe na filimbi na awe na ruhusa ya kusimamisha somo au mchezo bila kumngojea mkubwa yeyote. Dakika tano za kutafuta ruhusa ni nyingi mno.

3. Iweke kanuni moja. Kanuni ni hii: tukisikia ngurumo, tunaondoka nje. Hatungoji mvua ianze. Radi inaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mahali mvua inaponyesha, hata jua likiwa bado linawaka upande wenu.

4. Iweke muda wa kutoka. Watoto wakae mahali salama mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikisikika, hesabu inaanza upya. Watu wengi hupigwa wakati wanadhani dhoruba imekwisha.

5. Ifanye zoezi. Angalau mara moja mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, mwalimu apige filimbi siku ambayo hakuna wingu, watoto waende mahali pao kwa mstari, wakubwa wakiwashika mikono wadogo na wale wenye ulemavu. Mwalimu ahesabu majina. Mtoto aliyefanya zoezi hatakimbilia mwembe siku ya hatari.

Kama shule haina jengo salama

Tunajua shule nyingi za kambini ziko hivyo. Hatutaki kuwadanganya kwamba kuna namna ya kukaa inayomkinga mtoto kabisa ndani ya banda la miti. Lakini hatari inaweza kupunguzwa.

Wingu kubwa likianza kujengeka na ngurumo haijasikika, mwalimu mkuu anaweza kuwahamishia watoto mapema kwenye jengo bora lililo karibu, au kuwaruhusu walio karibu na nyumbani waende kama kuna muda wa kutosha kufika. Ngurumo ikishasikika, asimruhusu mtoto yeyote kuanza safari. Watoto wakae mbali na nguzo, kuta, milango na madirisha. Wasisongamane, wasishikane mikono, wasilale chini. Wakae juu ya madawati au mabenchi, miguu ikiwa imebanwa pamoja na haigusi chini. Wanaosomea chini ya mti waondoke hapo kwanza, kwani mti ni mahali pabaya kuliko pote.

Na kamati ya wazazi iendelee kuomba. Shirika linapokuja kujenga madarasa, waulizeni wahusika kabla msingi haujachimbwa: "Kinga ya radi imo katika mpango?" Baadaye, kazi ya kuiweka ifanywe na fundi anayeijua. Waya uliowekwa vibaya unaweza kuleta madhara.

Namna ya kuwafundisha watoto

Watoto wadogo hujifunza kwa kuitikia. Mwalimu aseme "Ngurumo!", darasa liitikie "Tuondoke nje!" Mwalimu aulize "Chini ya mti?", waitikie "Hapana!" Aulize "Kisimani?", waitikie "Hapana!" Mpini wa pampu ya maji ni chuma, na foleni ya madumu si mahali pa kungojea dhoruba ipite.

Kwa madarasa ya juu, somo hili linaweza kuingia katika hesabu na sayansi. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mtoto akiwa tayari ndani, anaweza kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kisha akagawanya kwa tatu. Sekunde 12 ni kilomita 4. Lakini mwalimu asisitize kwamba hesabu hii ni ya kujifunza tu, si ya kuamua kama tuendelee kucheza mpira. Kusikia ngurumo peke yake kunatosha.

Nanyi wazazi, fundisheni neno hilohilo nyumbani. Mtoto anayechunga mbuzi, anayetafuta kuni au anayeanua mahindi asigombezwe kwa kuacha kazi aliposikia ngurumo. Na siku ya dhoruba msiende shuleni kumchukua mtoto kwa nguvu. Mwacheni mpaka dakika 30 zipite.

Huduma ya kwanza

Hapa ndipo maisha ya watu yanapotea bila sababu. Wengi huogopa kumgusa aliyepigwa na radi wakidhani bado ana umeme. Hana. Unaweza kumgusa mara moja, ila kama ngurumo zinaendelea angalia usalama wako pia na msogeze mahali penye nafuu.

Wakiwa wengi wamelala, anza na yule anayeonekana amekufa. Anayelia au kusukasuka anapumua, anaweza kungoja kidogo. Asiyepumua huenda moyo wake umesimama tu, na akisaidiwa upesi anaweza kurudi. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto, kifua kiingie ndani kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja unatosha. Kama umefundishwa kupulizia pumzi, pulizia mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Pumzi ni muhimu sana kwa aliyepigwa na radi, kwa sababu moyo unaweza kuanza tena kabla mapafu hayajaanza kazi. Usiache mpaka mhudumu wa afya afike.

Usimzike mgonjwa kwenye udongo au matope, usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu, na usipoteze muda kwa kungojea dawa za kienyeji. Mwingine atakuwa na miguu iliyokufa ganzi. Mara nyingi nguvu hurudi baada ya saa chache. Wote waliopigwa, hata wanaosema hawajambo, wafikishwe kituo cha afya, kwani wanaweza kuwa na majeraha ya masikio, macho, moyo au majeraha ya kuungua yasiyoonekana. Baadaye mtoto anaweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kusahau masomo au kuogopa kurudi darasani. Huo si uvivu. Mleteni tena tumwone.

Kumbuka

Ngurumo ni kengele. Ikilia, ondoka nje. Paa peke yake si kinga, kwa hiyo chagueni mahali sasa, kabla ya mvua. Subirini dakika 30. Na aliyepigwa na radi aguswe, asaidiwe, apelekwe kituo cha afya.

Kama shule yako haijafanya zoezi, mwone mwalimu mkuu wiki hii. Mhudumu wa afya wa mtaa wako anaweza kuja kuonyesha namna ya kubonyeza kifua. Ni somo la saa moja, na halihitaji kitu chochote ila mkeka wa kulalia.