Gundi ya jino: Kwa nini usikimbilie kung'oa

JINO likianza kuuma wakati wa kuvuna mananasi kule Kiwangwa, wakulima wengi huvumilia. Watasukutua maji ya chumvi, wataweka karafuu, watameza vidonge vya maumivu, na gari la mzigo likishaondoka kwenda Dar es Salaam ndipo wanapokumbuka kwenda kituo cha afya. Kufikia hapo shimo limeshaingia kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, na mara nyingi kinachobaki ni kung'oa.

Hesabu yao si ya kijinga. Kung'oa kunaisha siku moja, na aliyeng'olewa kesho yake yuko shambani. Kuziba, wanavyosema wengi pale Bagamoyo mjini na hata kwenye soko la samaki, ni kupoteza fedha, kwa sababu "kile walichoziba kilidondoka".

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ujazo wa jino hudondoka, na sababu kubwa ni kwamba haukushika. Kwa zaidi ya miaka 60 wataalamu wa meno wamehangaika na jambo hilo moja: jinsi ya kukifanya kitu kigande kwenye jino lenye unyevu, linalotafuna kila siku, linalopitishiwa chai ya moto na maji ya baridi.

Kalafati na gundi

Fundi wa majahazi anajua kuziba bila gundi. Anapotia kalafati, pamba yenye mafuta hushindiliwa kati ya mbao, na mbao zikilowa zinavimba na kuibana. Ujazo wa zamani wa jino, amalgamu, ambao ni mchanganyiko wa zebaki na madini kama fedha na bati, nao haugandi. Hukaa kwa sababu daktari huchonga shimo liwe pana ndani na jembamba mdomoni. Ni imara, lakini ili ukae inabidi kuchonga hata sehemu nzima ya jino.

Mabadiliko yalianza mwaka 1955. Mtafiti wa Marekani, Michael Buonocore, aliona kwamba viwandani chuma hupakwa tindikali ya fosforasi kabla ya rangi ili rangi ishike. Akajaribu hivyo hivyo kwenye jino. Tindikali ilikwangua ganda gumu la nje na kuacha vitundu vidogo sana, plastiki ikaingia humo na kushika. Fundi rangi yeyote anayepiga msasa kabla ya kupaka angemwelewa.

Taabu ilikuwa ndani ya jino. Chini ya ganda kuna sehemu laini zaidi, dentini, yenye maji na nyuzi za protini. Tindikali ikishaoshwa, daktari akikausha kupita kiasi nyuzi hulala na gundi haipiti. Akiacha maji mengi, gundi inachuja. Ndiyo maana wagonjwa wengine walizibwa vizuri kwa macho, lakini wakaondoka na jino linalosisimka kila wakinywa kitu baridi.

Wajapani ndio waliokwenda mbele zaidi katika kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 1981 kampuni ya Kuraray ilitengeneza kemikali iitwayo MDP, ambayo upande mmoja ni tindikali inayoshikamana na kalsiamu ya jino na upande wa pili huungana na plastiki ya ujazo. Gundi ya namna hii hujikwangulia yenyewe: inapakwa, haioshwi, inapulizwa hewa, kisha inagandishwa kwa taa maalumu. Clearfil SE Bond, iliyotoka mwaka 1999, ilifuatiliwa na watafiti wa Leuven, Ubelgiji, kwenye midomo ya wagonjwa kwa miaka 13, na sehemu kubwa ya ujazo ilikuwa bado imeshika.

Ina udhaifu wake. Kwenye ganda la nje hukwangua kidogo kuliko tindikali kali ya Buonocore, hivyo madaktari wengi hupaka tindikali hiyo ukingoni tu na kuacha gundi ifanye kazi yake ndani.

Meno ya ng'ombe maabara

Wafugaji watashangaa kusikia kwamba mnyama wao ana mchango hapa. Gundi mpya hupimwa kwanza kwenye meno yaliyong'olewa, ya binadamu au ya ng'ombe. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hiyo yanayotumika ni yale ya chini. Ni makubwa, yanapatikana machinjioni kwa wingi, na muundo wake unakaribia ule wa jino la mtu. Husagwa yawe bapa, hupakwa gundi, ujazo hubandikwa, kisha mashine huvuta hadi kitu kiachie.

Kabla ya kuvutwa, mengine huachwa kwenye maji ya nyuzi joto 37 kwa saa 24, na mengine hutumbukizwa mara 500 kwa zamu kwenye maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55. Gundi inayong'ara siku ya kwanza na kulegea baada ya hapo haina maana.

Iliyoanzia Tanzania

Lakini gundi ya Kijapani inataka taa, umeme na mkono uliozoea. Chupa zake nyingi zinataka pia jokofu, maana tindikali na maji yakikaa pamoja kwenye joto la Pwani dawa huharibika ndani ya chupa. Kwa zahanati ya kijijini hilo ni sharti zito.

Hapa ndipo Tanzania inapostahili kutajwa. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa huduma ya meno vijijini wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha mashimo kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, na kuziba. Njia hiyo, ijulikanayo duniani kwa kifupi cha ART, baadaye ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe.

Dawa inayotumika zaidi kwenye ART ni saruji ya kioo, iliyotangazwa na Waingereza Alan Wilson na Brian Kent mwaka 1972. Unga wa kioo huchanganywa na tindikali nyepesi, na mchanganyiko huo hushika kalsiamu ya jino wenyewe, bila taa na bila umeme. Pia hutoa floraidi kidogo kidogo. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Uimara wake umepimwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kwenye meno ya ukubwani, shimo likiwa upande mmoja tu wa jino, takriban asilimia 80 ya ujazo huwa bado upo baada ya miaka mitano. Shimo likishakula pande mbili au zaidi kwenye meno ya utotoni, hushuka hadi asilimia 62 kwa miaka miwili. Anayekwenda mapema ndiye anayepata thamani ya fedha yake.

Amalgamu nayo inapungua kwa sababu ya zebaki, ile ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuiepusha kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona ni lazima.

Kwa hiyo mwenye jino lililoanza kusisimka kwa sukari au maji baridi, lakini haliumi usiku, aulize kituoni mambo mawili: kama wanaziba kwa saruji ya kioo, na kama shimo lake ni la upande mmoja. Akishazibwa, asile chochote kwa saa moja.