Chukudu mteremkoni: breki huisha ukingoni, mvua humaliza nguvu ya mguu

Katika vilima vya Butembo na njia za pembeni mwa Beni, jimbo la Kivu Kaskazini, chukudu hubeba makaa, viazi, mbao na magunia ya muhogo. Kigari hiki cha mbao chenye magurudumu mawili hakina injini. Breki yake mara nyingi ni kipande cha mpira wa tairi kuukuu kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, nao msuguano hupunguza mwendo.

Hesabu yake ni fupi. Chukudu yenye jumla ya kilo 300, mzigo na mtu pamoja, ikiwa kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, huvutwa chini kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 30. Tuseme mpira mkavu unakamata kwa nusu ya nguvu inayoukandamiza. Mguu utalazimika kukandamiza kama kilo 60, karibu uzito wote wa mtu, ili mwendo usizidi tu. Kusimama kabisa kunadai zaidi. Maji na matope yakipunguza ukamataji hadi robo, zitahitajika kilo 120. Hapo mguu hautoshi.

Mpira nao hauishi sawasawa. Mwaka 1882, Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha kwa hesabu kwamba vitu vya mviringo vikikandamizwa hubonyea kidogo, na mkandamizo huwa mkubwa katikati ya mguso. Kipande bapa chenye ukingo mkali ni kinyume: mkandamizo hurundikana ukingoni. Gurudumu likizunguka, msuguano huuvuta mpira na kuzidi kuubana ukingo wa upande ambao gurudumu linaingilia. Ndipo mpira huanza kuchanika na kumeguka.

Dawa ya ukingo ni rahisi: kuukata mshazari au kuuviringisha kwa kisu. Pedi nyingi za breki za magari hukatwa hivyo pembeni tangu kiwandani. Mpira hudumu zaidi na hukamata kwa utulivu.

Lakini kisu hakiongezi nguvu ya mguu. Jumla ikishuka hadi kilo 150, mteremko uleule wenye matope hudai kilo 60 badala ya 120. Msimu wa mvua, breki ya kwanza ya chukudu ni mzigo mdogo.