Umenioa Mimi au Umeoa Skii?

Swali hilo nilimuuliza mume wangu Jumapili moja ya Januari 2018, saa nne asubuhi, akiwa amesimama mlangoni na soksi za sufu zimempanda hadi magotini. Nje ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Ndani nilikuwa mimi, nimejifunga khanga juu ya sweta, macho yamevimba kwa kulia usiku kucha. Na yeye, mwenzangu, ndiyo kwanza anaenda kuteleza msituni!

Usicheke, msomaji. Wapo wanawake wanaonyang'anywa waume na nyumba ndogo. Mimi niliona nimenyang'anywa na vipande viwili vya mbao. Na si utani, maana neno lenyewe "ski", katika Kinorwei cha kale, lilikuwa na maana ya kipande cha mti uliopasuliwa.

Tulifunga ndoa Tanga mwaka 2016, na Novemba ya mwaka huohuo nikahamia Oslo. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, kwa giza la saa tisa alasiri, hata kwa samaki wasio na nazi. Hakuna aliyeniandaa kwa skii. Kwa akili yangu michezo ni kitu cha watu wanaopenda michezo. Kama mpira tu: kuna anayecheza, kuna anayeangalia, na kuna mtu kama mimi anayeuliza hivi goli limeingia upande gani. Kumbe Norwei mambo si hivyo. Wenyewe wana msemo kwamba Mnorwei huzaliwa na skii miguuni, na nikikumbuka leba nilivyoiona mwenyewe baadaye, nashukuru kwamba ni msemo tu.

Siku ya kwanza kutambulishwa, baba mkwe aliniangalia kwa furaha kubwa akasema, "Boit!" Nikadhani ananisalimia kwa Kinorwei. Ikabidi mume wangu anieleze. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano kule Japani, Mkenya Philip Boit aliingia kwenye mbio za skii za kilomita 10. Mshindi alikuwa Mnorwei Bjørn Dæhlie. Boit alifika wa mwisho kabisa, dakika 20 baadaye. Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake. Alimsubiri pale mstarini hadi akafika, akamkumbatia. Baadaye Boit alipata mtoto wa kiume, akampa jina Dæhlie. Mzee aliisimulia habari hiyo huku macho yanamlenga machozi. Nikamwambia, "Baba, huyo ni wa Kenya. Mimi natoka Tanga, kwetu baridi ni ya friji." Akanijibu, "Basi ni jirani." Siku hiyohiyo akanipima urefu ili anitafutie skii.

Kimbembe kilianza Pasaka ya 2017. Kwetu Pasaka ni kanisa, pilau, nguo mpya na ndugu kujazana sebuleni. Wao hupanda milimani kwenye nyumba ya mbao ya familia, mwendo wa saa nne kwa gari, na hukaa huko wiki nzima. Ni watu wenye uwezo, lakini choo kipo nje, maji ni theluji inayeyushwa kwenye sufuria, na joto ni la kuni. Nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini kama familia imefilisika. Akacheka hadi akakaa chini. Wanapenda hivyo! Jioni wanawasha mishumaa, wanasoma riwaya za upelelezi, maana nazo ni za Pasaka huko, usiniulize damu na Pasaka vinaingilianaje.

Asubuhi kila mtu anatoka. Begi la mgongoni lina machungwa, chokoleti, mkate na chupa ya chai yenye kakao ya moto. Kabla ya kutoka kuna kikao cha nta, maana chini ya skii hupakwa nta, na nta inategemea theluji ya siku hiyo: ya bluu kwa baridi kali, nyekundu kama joto linakaribia sifuri, na nyingine inanata kama ulimbo kwa theluji iliyogeuka barafu. Baba na mwanawe walibishana kuhusu bluu na zambarau kwa nusu saa, kwa hisia ambazo sijawahi kuziona wakizungumzia jambo lingine lolote. Mimi nilivalishwa, nikasimamishwa, nikaenda hatua kama ishirini, nikaanguka. Nikainuliwa, nikaanguka. Ya tatu nikasema jamani, tangulieni, mimi napika.

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule niliona nimewasaidia. Wiki nzima wao walitoka saa nne wakarudi saa kumi, mashavu mekundu, wanacheka mambo ambayo mimi sikuwepo. Mezani walikuwa kimya. Mamamkwe hakuniuliza kitu. Si kwetu, si kazi, si kwamba mtoto lini. Nikajisemea, huyu mama hanitaki.

Mwaka ule mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Ya pili ikatoka Desemba. Kama ningekuwa Tanga, shangazi zangu wangejaa chumbani, mmoja na uji, mwingine na dua, wa tatu na maswali yasiyo na aibu. Oslo nililetewa maua na kadi. Na kila Jumapili mume wangu alichukua skii zake akaenda msituni, akarudi baada ya saa tatu ametulia. Nikaona anakimbia mimi na msiba wetu. Ndipo lile swali likanitoka.

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha viatu, akavua kofia, akasema, "Huko ndiko ninakolia. Sijui kulia ndani."

Sikuwa na la kumjibu. Alipotoka nilimpigia simu mama yangu, naye akaniambia, "Mfuate huko huko anakolia." Mama hajawahi kuona theluji.

Lakini kumfuata ningeanguka mbele yake kila hatua, na sikutaka kulia na kuanguka kwa wakati mmoja. Jumanne iliyofuata nilimpigia mamamkwe. Kinorwei changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikamwambia nataka kujifunza, na mwanao asijue. Kwanza akanikumbusha nimwite kwa jina lake, kama wanavyofanya wao, na mimi nikamwita Mama kama kawaida yangu. Kisha akasema, "Saa kumi na mbili jioni, kituo cha treni."

Jambo moja nililipenda mapema: Oslo huhitaji gari wala pesa nyingi ili kwenda kuteleza. Treni ya mjini, namba 1, inapanda hadi Frognerseteren, na abiria wamesimama na skii zao kama sisi tunavyosimama na ndoo kwenye daladala. Mwaka 1973, wakati wa mgogoro wa mafuta magari yalipozuiwa mwishoni mwa wiki, mfalme wao Olav V alipanda treni ya njia hiyo akiwa na skii, akataka kulipa nauli kama abiria mwingine. Picha ile wanaienzi mpaka leo. Ukishuka unaingia msitu wa Nordmarka, wenye njia zilizochimbwa na mashine mifereji miwili, nyingine zina taa hadi usiku. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini bila kujali shamba ni la nani. Njia za skii zimewekwa alama nyekundu kwenye miti. Hulipi kiingilio.

Nilianguka Jumanne ya kwanza mara kumi na moja, nilihesabu. Mama hakuniinua. Alisimama pembeni akingoja, kisha akaonyesha: piga magoti kidogo, uzito wote mguu mmoja, teleza, sasa mwingine. "Unatembea kama unaogopa kuchafua sakafu," akaniambia. Jumanne ya tatu nikaenda nusu saa nzima bila kuanguka. Yuko mbele, mimi nyuma, hatuonani usoni, kinachosikika ni skii tu zikikwaruza theluji. Na ghafla, bila kugeuka, akaanza kusema.

Akaniambia naye alipoteza mtoto, kabla ya mume wangu kuzaliwa. Kwamba mamake mzazi alimpeleka kwenye njia hii hii. Kwamba mwanawe alipomwambia ameoa Tanga, alifurahi na usiku akalala macho, akiwaza siku moja tutahamia kwetu na yeye atabaki na kadi za Krismasi. "Kwa nini hukuniuliza kitu mwaka mzima?" nikamwuliza mgongo wake. Akasimama. "Nilikuwa nangoja utoke nje," akasema. "Ndani nyumbani kwako nisingeweza kukuuliza. Ingekuwa kama kukulazimisha."

Nililia hadi machozi yakaganda kwenye kope. Alinipa kipande cha chungwa.

Basi kumbe tulikuwa tunangojana. Mimi nangoja waniulize mezani, wao wananingoja njiani. Kwetu mtu akikupenda anakuja, anakaa, anakuuliza. Kwao mtu akikupenda anakuachia nafasi, halafu anatembea karibu na wewe. Sisemi kipi bora. Nasema tu kwamba mwaka mzima niliwahukumu watu kwa ukimya wa mezani bila kujua maongezi yao yako wapi.

Februari hiyo ikaangukia Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Nchi nzima ilihamia mbele ya runinga. Norwei, yenye watu milioni tano na ushee tu, ikarudi na medali 39, kuliko taifa lolote. Siku ya mwisho Marit Bjørgen, mama wa mtoto mdogo, miaka 37, alishinda mbio za kilomita 30 na kufikisha medali 15 za Olimpiki. Mamamkwe alinishika mkono pale kwenye kochi. Alinisimulia kwamba mbio za wanawake za skii ziliingia kwenye Olimpiki mwaka 1952 tu, hapo hapo Oslo, na kuruka kwa skii kukasubiri mpaka 2014. Kwa hiyo hata wao wana ya kwao, msidhani ni peponi.

Mume wangu alijua siri Pasaka ya 2018. Saa nne asubuhi nilitoka chumbani nimevaa tayari, nikaenda kusimama kwenye kikao cha nta, nikasema, "Leo ni zambarau." Baba mkwe alidondosha kopo. Siku ile tulikwenda kilomita nane. Kwenye kilomita ya tano mume wangu alitaja watoto wetu wawili, kwa mara ya kwanza, wote wawili, na alilia kweli, anateleza analia. Mimi nyuma yake. Tulirudi mapema kwa sababu upepo ulibadilika; wana kanuni zao za milimani, na mojawapo inasema geuka mapema, kugeuka si aibu.

Nisije nikaonekana mimi tu ndiye niliyejifunza. Desemba 2018 tulikwenda Tanga, nikamwambia zamu yako. Kazi yake ilikuwa kukaa kibarazani na ndugu zangu. Kukaa tu. Hakuna njia, hakuna kilomita, hakuna begi. Saa ya kwanza mguu ulimtetemeka hadi shangazi akaniuliza, "Mumeo ana safari?" Siku ya nne alikaa tangu alasiri hadi magharibi, akatafuna karanga, akajua nani anamdai nani mtaa mzima. Usiku akaniambia imemchosha kuliko mbio za Birkebeiner.

Hizo Birkebeiner nazo nizitaje. Ni kilomita 54, kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mshiriki hubeba begi la kilo tatu na nusu. Uzito huo unawakilisha mtoto: mwaka 1206, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wawili walimvusha milimani kwa skii Haakon mchanga, aliyekuja kuwa mfalme. Mume wangu alizikimbia Machi 2019. Nilipokuwa namfungia lile begi hakuna kati yetu aliyesema neno, na safari hiyo nilijua kwa nini.

Binti yetu alizaliwa 2020. Akiwa na miaka minne tulimpeleka kwenye mashindano yake ya kwanza ya skii, na mimi, mtoto wa shule za kutangaziwa namba darasani, nikasimama mstarini kama kocha. Alipofika nikauliza, amekuwa wa ngapi? Mzazi mwenzangu akanitazama kana kwamba nimetukana. Hakuna wa ngapi. Kanuni za michezo ya watoto huko haziruhusu orodha ya matokeo mpaka mwaka mtoto anapotimiza miaka 11. Wote walipewa zawadi ileile, wakapewa juisi na soseji zilizochomwa na wazazi wa kujitolea. Nilinung'unika hadi nyumbani. Mume wangu akanikumbusha medali 39 za 2018, na 16 za dhahabu walizoleta kutoka Beijing 2022. Nikanyamaza, ingawa moyoni bado nataka kujua alikuwa wa ngapi.

Pasaka iliyopita mamamkwe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Saa nne ilipofika wote wakatoka, na yeye akabaki kitini, anatazama dirishani kama mtoto aliyenyimwa kwenda harusini. Nikavua skii zangu. Akanifukuza, nikakataa. Nikatoa viti viwili nje, nikaviegemeza kwenye ukuta unaopigwa jua, nikatandika ngozi ya mbuzi, nikaleta chupa ya chai na machungwa. Tukakaa. Kwa mtindo wa Tanga kabisa.

Dakika ishirini za mwanzo mguu wake mzima ulikuwa unatikisika. Kisha akamenya chungwa, akaligawa, akaanza kunihadithia habari za dada yake ambaye hawasemeshani tangu zamani. Tulikuwa bado tupo pale watu waliporudi saa kumi. Binti yangu alikuja mbio, theluji imejaa hadi masikioni, akataka kujua kati yetu nani ameanguka mara nyingi zaidi leo.