Mama, Nawe Unaweza Kusoma na Watoto

Akina mama wengi husema kwamba kusoma na watoto ni kazi ya mwalimu. Wengine hutuambia kwa sauti ya chini kuwa waliishia darasa la saba, kusoma kwao ni kwa kusitasita, na hawapendi watoto waone. Basi mtoto akileta daftari huambiwa amsubiri baba, na baba huchelewa kurudi.

Mama mpendwa, usijitoe. Ili familia isome pamoja, si lazima kila mmoja awe hodari wa kusoma. Hapa Tanzania tulishaliona jambo hilo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2, wakiwamo wasiojua kusoma, walikutana katika vikundi kila juma. Walisikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti. Baada ya hapo walijadiliana: haya yanatuhusu vipi hapa kwetu? Halafu wakatenda. Vyoo vilichimbwa na mazingira ya nyumba yakasafishwa. Asiyejua kusoma naye alikuwa na la kusema, kwa kuwa maisha aliyajua.

Njia hiyo hiyo yafaa mkekani kwetu baada ya chakula cha jioni.

Tuanzeje?

Tutenge dakika 15 tu, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Mtoto mkubwa asome kwa sauti, mdogo aangalie picha. Kazi ya mama ni kuuliza: Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje? Kama hadithi ni ya sungura na fisi, bibi naye asimulie ile anayoijua. Baba akiwapo, apewe zamu yake. Anayekosea asichekwe, awe mtoto au mzazi. Mtoto akichekwa leo, kesho atasema amechoka.

Vitabu hatuna

Nyumba nyingi zina maandishi kuliko tunavyodhani. Kuna Biblia, kuna kadi ya kliniki, kuna barua kutoka shuleni. Walio karibu na maktaba ya mkoa wawapeleke watoto siku ya mapumziko.

Tena kuna bahasha ya dawa. Imeandikwa "2 x 3", yaani vidonge 2 mara 3 kwa siku. Kuna mtu aliyeona tarakimu hizo akadhani ni vidonge 3 mara 2. Hebu tufikiri: siku moja homa inampanda mdogo, mama yuko sokoni, nyumbani wamebaki bibi na dada mwenye miaka kumi na mitatu. Ikiwa bahasha kama hiyo iliwahi kusomwa na kuzungumzwa mkekani, bibi na mjukuu watasaidiana wala hawatabahatisha. Ndipo tutakapoona kwamba zile dakika 15 hazikuwa za mtihani wa shule peke yake.

Na mama anayesikiliza kila jioni, macho yake yakifuata kidole cha mwanawe juu ya mstari, naye husonga mbele kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Leo vyombo vikishaoshwa, tandika mkeka karibu na taa, uwaite wote.