Kuomba COOPEC ipandishe kiwango cha mukopo: hesabu kwanza, barua nyuma



Kila mwaka, kahawa ikianza kuiva huku Idjwi na Kalehe, koperative nyingi zinakutana na shida ileile. Mulimaji anafika kwenye kituo cha kuosha na kahawa nyekundu, anataka feza mukononi. Mununuzi wa kahawa iliyokauka, yeye analipa kisha wiki nyingi. Kwa kuziba ile nafasi ya katikati, tunaomba mukopo kwa COOPEC. Lakini kama kiwango cha mwisho cha mukopo, kile wengi wanaita plafo, kiko kidogo, sanduku linabaki tupu wakati miti inazaa sana.

Kahawa nyekundu haingojee. Inapaswa kutolewa ganda siku ileile inavunwa. Basi mwanamemba anauzia muchuuzi kwa bei ya chini, ao kahawa inavuka ziwa usiku ndani ya mtumbwi kwenda Rwanda. Wote tunajua ziwa limekula watu juu ya ile safari. Ndiyo sababu kuomba plafo ipande ni jambo la wanamemba wote, si la komite peke yake.

COOPEC inaangalia nini?

Barua nyingi zinasema: «Tuko wengi, tuna shida ya feza, mutuongezee.» Ile haitoshi. Feza ambazo COOPEC inakopesha ni akiba ya watu wengine: mama wa soko, mwalimu, mulimaji kama sisi. Yule anayesoma faili yenu anajiuliza maulizo matatu. Feza itaingia kweli kwenye kahawa? Itarudi kupitia nani na siku gani? Na ule mukopo wa mwaka jana, mulilipa kwa siku iliyopangwa? Shida yenu haijibu hata ulizo moja. Daftari zenu ndizo zinajibu.

Muombe kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanahesabia kahawa yote ya musimu na wanaomba feza yote mara moja. Tuchukue mufano, bei tunazoandika ni za mufano tu, ninyi mutaweka zenu.

Kituo kinapokea tani 60 za kahawa nyekundu kwa miezi 3, tani 20 kila mwezi. Kilo moja inalipwa dola 0,40, na kazi ya kuosha na kukausha inakula dola 0,05. Kila loti ya mwezi inaomba dola 9.000. Loti tatu ni dola 27.000. Koperative iko na dola 3.000 zake. Wengi wataandika: «Tunaomba dola 24.000.»

Lakini kama mununuzi anakubali kulipa loti kwa loti, na loti ya mwezi wa kwanza inalipwa mwisho wa mwezi wa pili, basi feza inazunguka. Hakuna siku ambapo loti zaidi ya mbili ziko inje pamoja. Mbili ni dola 18.000, mukitoa zenu 3.000, inabaki 15.000. Ile ndiyo plafo ya kuomba.

Muone sasa riba. Tuseme ni 2 kwa mia kila mwezi. Mukichukua dola 24.000 siku ya kwanza na kuzishika miezi 4, riba ni dola 1.920. Mukichukua kwa sehemu na kurudisha kila loti ikilipwa, deni linakuwa 6.000 mwezi wa kwanza, 15.000 mwezi wa pili na wa tatu, na 6.000 mwezi wa ine. Riba yote ni dola 840. Tofauti ni dola 1.080. Kama muko wanamemba 300, ni dola 3,60 kwa kila mumoja, bila kuongeza hata muti mumoja wa kahawa.

Mbele ya kutia sinyatire, muulize: riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, ao juu ya feza yote ya mwanzo? Kama ni juu ya feza yote ya mwanzo, kurudisha mapema hakutawasaidia vile tunasema hapa.

Na bei ikianguka?

Plafo kubwa ni deni kubwa. Karibu kilo 5 za kahawa nyekundu zinatoa kilo 1 ya parche. Tani 20 zinatoa basi kilo 4.000 za parche. Mukiuza dola 2,80 kwa kilo, munapata 11.200. Mutalipa deni na mutabakia na kitu. Lakini bei ikishuka 20 kwa mia, munapata 8.960 tu. Haifiki hata ile 9.000 mulitumia, na riba bado. Kwa hiyo muandikiane na mununuzi bei mbele ya kuanza kununua, hata kwa sehemu ya kahawa. Kama hakuna mapatano ya bei, musiombe plafo mupya ya kufika mwisho wa nguvu zenu.

Faili iwe na nini?

– Barua fupi: plafo ya sasa, ile munaomba, na juu ya nini.
– PV ya mukutano mukubwa, na sinyatire za waliokuwako. Wanamemba wasikie wazi nani atabeba deni kama kahawa haitoshi.
– Daftari za kununua za miaka miwili: tarehe, jina, kilo, feza.
– Mapatano na mununuzi.
– Ukurasa mumoja wa hesabu, kama ile ya hapa juu, mwezi kwa mwezi.
– Mukopo wowote mwingine muliyo nao, hata avansi ya mununuzi. Ukifichwa na kisha kujulikana, faili inafungwa.

Mupeleke ile faili mwezi wa 12 ao wa 1. Mavuno yanaanza karibu mwezi wa 3, na plafo kubwa mara nyingi haiamuliwe na ajenti peke yake. Inapita kwenye komite ya mikopo. Mufanye pia feza ya kahawa ipite kwenye konti yenu kule, isitembee ndani ya mifuko. Konti inayotembea inasema kwa ajili yenu.

Wakikataa?

Musitoke bila kuuliza sababu. Kama ni kuchelewa kulipa, mupange musimu mumoja wa kulipa bila kukosa hata siku moja, kisha murudi. Kama wanaogopa kiasi, muombe nusu ya nyongeza sasa, na waangalie tena kisha loti ya kwanza kulipwa. Na muzungumuze na mununuzi: akilipa wiki mbili mapema, hamutahitaji plafo kubwa vile. Wakati mwingine kufupisha safari ya feza kunasaidia kuliko kuongeza deni.

Kwenye mukutano wenu unaokuja, muchukue ubao, muandike loti zenu na tarehe ambayo kila moja ililipwa mwaka jana. Kutoka pale hesabu yenu itaanza.